Kilichomo Ndani ya Bangi: Mama, Zijue Herufi Hizi

Mazungumzo ya redio kwa akina mama na walezi

  Leo nimekuja na jambo ambalo wengine watasema si la kuzungumzwa redioni mchana kweupe. Tutazungumza juu ya bangi. Tafadhali usizime redio. Sikuja kuhubiri, wala sitakuuliza ni nani kwako anayevuta. Nimekuja kwa sababu siku hizi bangi haiingii nyumbani ikiwa msokoto peke yake. Inaingia ikiwa biskuti, ikiwa peremende, ikiwa mafuta ndani ya chupa ndogo yenye maandishi mazuri, na mama hajui ameshika nini mkononi.

Acheni niwape kisa. Cucu mmoja wa mtaa wetu wa Dallas, hapa Embu mjini, alikuja kliniki akiwa na mjukuu mgongoni na kiondo mkononi. Ndani ya kiondo mlikuwa na chupa ndogo ya kioo yenye kidondoshi, na pakiti ya peremende laini za rangi rangi zenye umbo la dubu. Binti yake anaishi Marekani, katika Dallas ile nyingine ya Texas, ambako Wakenya wengi wamehamia kutafuta riziki. Cucu mwenyewe alicheka: "Zimetoka Dallas zikaja Dallas." Binti alikuwa amemweleza kwa simu kwamba mafuta ni ya magoti na peremende ni za usingizi. Kisha cucu akaniuliza swali lililomleta. "Daktari, huyu mtoto halali usiku. Naweza kumpa moja ya hizi tamu?" Mimi ni muuguzi, si daktari, lakini akina cucu hutuita hivyo sote.

Nikageuza pakiti nikasoma. Kwenye chupa kulikuwa na herufi tatu: CBD. Kwenye peremende kulikuwa na neno delta-8 na herufi THC. Nilimwomba aziweke mezani, nikamshukuru kwa kuuliza kabla ya kumpa mtoto. Mtoto huyo alikuwa na umri wa miaka miwili na nusu.

Sasa nataka uzielewe herufi hizo kama alivyozielewa cucu siku ile, kwa sababu alizielewa vizuri kuliko vijana wengi wanaojifanya wajuzi.

Mmea wa bangi una kemikali zaidi ya mia moja za aina yake. Wataalamu huziita kanabinoidi. Usiogope jina hilo, ni neno tu la kutaja kemikali zinazopatikana katika mmea huu. Nyingi ni chache mno hata hazina athari tunayoijua. Mbili ndizo kubwa: THC na CBD. Zinatoka kwenye mmea mmoja kama ndugu wa tumbo moja, lakini tabia zao ni mbali kabisa.

THC ndiyo inayolewesha. Ndiyo inayofanya macho yawe mekundu, mdomo ukauke, njaa iume, saa moja ionekane kama matatu, na mtu acheke bila sababu au aingiwe na hofu bila sababu. Inafanyaje kazi? Katika ubongo wetu kuna vipokezi vidogo, tuviite kufuli. Mwili wenyewe hutengeneza funguo zake za kufungulia kufuli hizo. Mmojawapo uligunduliwa mwaka 1992. Kufuli hizo zinahusika na kumbukumbu, hamu ya chakula, maumivu, kutembea bila kuyumba na hata hofu. THC ni ufunguo wa kigeni unaoingia katika kufuli hizo hizo. Ndiyo maana ikiingia nyingi, kila kitu kinachohusika na kufuli hizo kinavurugika kwa pamoja: kumbukumbu, mwendo, hofu, njaa.

CBD haiingii vizuri katika kufuli hiyo, kwa hiyo hailewishi. Mtu anaweza kuinywa na akaendelea kusuka kiondo chake sawasawa. Shirika la Afya Duniani liliichunguza, na mwaka 2018 wataalamu wake wakasema CBD iliyo safi haionyeshi dalili za kumfanya mtu awe mraibu. Lakini mama, kitu kisicholewesha si lazima kiwe hakina madhara. Hapo ndipo wauzaji wanapotuchezea akili, na nitarudi hapo.

Kuna ndugu wengine wadogo. CBN hutokea THC inapozeeka. Bangi iliyokaa muda mrefu kwenye hewa na mwanga hupoteza THC na kupata CBN. Huuzwa ng'ambo kama dawa ya usingizi, lakini ushahidi wake ni mdogo. CBG inaitwa mama wa zote, kwa kuwa mmea hutengeneza kwanza ile asidi ambayo CBG hutokana nayo, ndipo kutoka hapo zitoke THC na CBD. Hizi mbili zisikusumbue sana.

Delta-8 ndiyo ikusumbue. Mwaka 2018 Marekani ilipitisha sheria ya kilimo iliyoruhusu kilimo cha hempu. Hempu ni bangi ile ile kwa mmea, ila ni ya aina yenye THC kidogo sana, isiyozidi asilimia 0.3 ya uzito ukiwa mkavu. Hulimwa kwa nyuzi, mbegu na CBD. (Kamusi nyingine hutafsiri hempu kuwa katani. Msichanganyikiwe. Katani yetu ni mkonge wa kamba, haina uhusiano wowote na bangi.) Basi wafanyabiashara wakapata mlango. Wakachukua CBD ya hempu, wakaipitisha kwenye asidi na kemikali nyingine, ikageuka kuwa delta-8, ambayo ni THC ya aina nyingine. Nguvu yake ni pungufu ya THC ya kawaida, lakini inalewesha. Wakaitia kwenye peremende na kuiuza madukani na kwenye vituo vya petroli kama kitu halali. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo juu yake mwaka 2021 na 2022, pamoja na taarifa za watoto waliozila na kulazwa hospitali. Novemba 2025 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuzibana bidhaa hizo. Lakini zilizokwisha kutumwa kwenye vifurushi kwa akina cucu zimekwisha kutumwa.

Kwa hiyo yule binti hakuwa mtu mbaya. Alinunua dukani, akapewa risiti, akadhani ni dawa ya usingizi kama zilivyo nyingine. Ukiwa na mtoto au ndugu ng'ambo anayekutumia vitu, mpigie leo umwambie: mafuta na peremende zenye CBD, THC, delta au jani la bangi kwenye karatasi, asitume. Hapa Kenya sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2022, haijaruhusu bangi. Kilichokuwa halali kwenye duka la Texas kinaweza kumtia cucu matatani akifika posta kukichukua.

(Muziki kidogo)

Tumerudi. Sasa nataka tuzungumze kwa utaratibu juu ya mtoto aliyekula. Hili ndilo lililonifanya niombe nafasi hii redioni.

Biskuti na keki za bangi zipo hapa nchini, si habari ya Marekani peke yake. Vijana huzipika au huzinunua, wakazificha kabatini, chini ya godoro, au ndani ya begi la shule. Katika nyumba ya chumba kimoja, mama, utaficha nini mtoto wa miaka mitatu asikione? Biskuti ni biskuti kwake.

Jani bichi la bangi halileweshi sana, kwa sababu THC iliyomo bado imo katika hali ya asidi. Ni moto unaoibadilisha iwe THC yenyewe. Tena THC haiyeyuki katika maji. Inayeyuka katika mafuta. Ndiyo maana wapishi wa biskuti hizo huichemsha kwanza kwa siagi au mafuta. Inapoliwa, hupita kwenye ini, na ini huigeuza kuwa kitu chenye nguvu zaidi kuliko ile ya kuvuta. Mtu anayevuta husikia baada ya dakika chache. Anayekula husubiri nusu saa, saa moja, hata saa mbili au zaidi. Watu wazima wengi huumia hapa: anakula kipande, hasikii kitu, anaongeza cha pili na cha tatu, kisha zote zinampanda kwa mkupuo.

Mtoto naye amekula saa nne asubuhi. Saa tano anacheza. Saa sita mama anamwona amelala, anashukuru Mungu apate kufua. Saa nane anamwamsha, haamki vizuri. Shingo imelegea. Akisimamishwa anayumba kama mlevi. Macho mekundu, mboni zimepanuka. Anaweza kutapika. Moyo unaweza kwenda mbio au ukapunguza mwendo. Wengine hupata degedege. Waliokula nyingi hupumua taratibu mno, na hiyo ndiyo inayoua tusipowahi, kwa kuwa mwili wa mtoto ni mdogo na biskuti ilipimwa kwa mtu mzima, kama ilipimwa kabisa.

Mama anafika hospitali na mtoto aliyelegea hivyo. Tunauliza: amekula nini? Na mama ananyamaza. Anajua, au anashuku, kwa sababu ameona karatasi ya biskuti ya kaka yake. Lakini anaogopa. Anaogopa polisi, anaogopa baba wa mtoto, anaogopa kwamba tutamdharau. Basi anasema "sijui, amelala tu tangu mchana."

Nawaeleza kinachofuata baada ya jibu hilo. Kwetu sisi mtoto aliyelegea, asiyeamka, anaweza kuwa na malaria iliyopanda kichwani. Anaweza kuwa na homa ya uti wa mgongo, au sukari imeshuka, au amekunywa dawa ya mimea ya shambani. Tutamtoa damu. Tutamdunga sindano mgongoni kutoa maji ya uti. Tutamwekea dawa za maradhi asiyokuwa nayo. Saa zinakwenda. Nimeona jambo hili kwa macho yangu, na nakumbuka yule mama alivyokaa kwenye benchi nje, ameshika kitambaa cha mtoto, akijua jibu na akishindwa kulisema. Alilisema saa tatu baadaye, kwa sauti ya chini, kwa mwanamke aliyekuwa akipanguza sakafu. Mpanguzaji ndiye aliyekuja kutuambia. Mtoto alipona, akaenda nyumbani siku ya pili. Lakini alikwisha kudungwa sindano mgongoni isiyo na haja.

Muuguzi si polisi. Nataka hilo liwaingie. Ukisema "nafikiri amekula biskuti ya bangi", sisi tunakwenda moja kwa moja kwenye kazi: kuangalia pumzi yake, kumpa hewa ya oksijeni akihitaji, kumwekea maji ya mshipa, kupima sukari, na kukaa naye mpaka itoke mwilini. Hakuna dawa maalumu ya kuiondoa. Kukaa naye na kumwangalia ndiyo tiba yenyewe, na watoto wengi huamka vizuri.

Ukiwa bado nyumbani, mlaze ubavu, kichwa kikielekea chini kidogo ili akitapika asipaliwe. Usimpe maziwa kwa kudhani yataua sumu. Maziwa, maji ya chumvi, maji ya sabuni, kumtia kidole kooni, vyote hivyo viache. Mtoto mwenye usingizi mzito hupaliwa na anaweza kufa kwa kupaliwa, si kwa bangi. Tafuta bodaboda au gari, nenda. Chukua karatasi au kipande kilichobaki uje nacho. Na ikiwa amekula sasa hivi na bado anacheza, usisubiri alale. Mlete akiwa anacheza.

Sasa nakuja kwa mama mwenye mtoto wa kifafa. Huyu namwonea huruma kuliko wote, kwa sababu kila mtu ana dawa ya kumwambia. Amesikia kwamba mafuta ya bangi yanaponya kifafa. Amesikia habari ya mtoto fulani Marekani. Na habari hiyo ina ukweli ndani yake, ndiyo maana ni ngumu kuijibu kwa neno moja.

Ukweli wenyewe ni huu. Juni 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya maji iliyotengenezwa kwa CBD safi, inayoitwa Epidiolex. Iliidhinishwa kwanza kwa aina mbili za kifafa kigumu cha utotoni, nadra sana, zinazoitwa Lennox-Gastaut na Dravet, ambazo dawa za kawaida hushindwa kuzituliza. Hupimwa kwa uzito wa mtoto, kwa kawaida huongezwa juu ya dawa nyingine, na ini la mtoto hupimwa kwa damu kabla na baada ya kuanza. Inapunguza idadi ya degedege. Haiponyi kifafa.

Hiyo si chupa ile ya kwenye kiondo. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walinunua bidhaa 84 za CBD kwenye intaneti na kuzipima maabara. Ni 26 tu zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa kwenye karatasi. Nyingine zilikuwa na pungufu, nyingine zaidi, na 18 zilikutwa na THC ndani. Yaani mama anampa mtoto mafuta akidhani hayaleweshi, kumbe amempa kinacholewesha. Na hata CBD yenyewe, ikikutana na dawa ya kifafa ya sodium valproate ambayo watoto wengi hapa wanaitumia, inaweza kuumiza ini. Inaweza pia kupandisha nguvu ya dawa nyingine ndani ya damu, mtoto akalegea na kusinzia kutwa.

Ama kuchemsha majani ya bangi na kuyatia kwenye uji wa mtoto wa kifafa, kama nilivyosikia ikishauriwa, hilo ni kumpa THC nyingi na CBD chache. Bangi inayouzwa mitaani aghalabu ina THC kwa wingi, kwa kuwa wavutaji wanatafuta kulewa. Ile inayoitwa shash, inayopata jina lake kutoka Shashamane kule Ethiopia, sifa yake ni ukali wake. Hakuna anayeipanda kwa ajili ya CBD.

Na hapa niseme jambo ambalo haliwekwi kwenye matangazo. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, watu saba kati ya kumi wenye kifafa wanaweza kuishi bila degedege wakipata dawa zinazofaa na kuzitumia kila siku. Dawa hizo ni za kawaida: phenobarbitone, carbamazepine, valproate. Hazina picha nzuri kwenye chupa. Watoto wengi ninaowaona wakianguka tena hawajashindwa na dawa. Dawa iliisha Ijumaa na nauli ikapatikana Alhamisi iliyofuata. Ikiwa fedha za chupa ya mafuta ya Nairobi zipo, afadhali ziwe nauli ya kliniki na akiba ya vidonge vya mwezi wa pili. Ikiwa mtoto anakunywa dawa sawasawa na bado anaanguka, rudi Hospitali ya Rufaa ya Embu umwambie daktari abadilishe. Usikae nyumbani ukanyamaza.

Kwa mama mjamzito na anayenyonyesha sitakaa sana, kwa kuwa jibu ni fupi. THC hupita kwenye kondo na kumfikia mtoto tumboni. Akina mama wanaovuta wakiwa na mimba hupata zaidi watoto wenye uzito mdogo. Wako wanaovuta kwa ajili ya kichefuchefu cha asubuhi. Njoo kliniki, tuna dawa ya hilo. Kwenye maziwa ya mama, THC hukaa katika mafuta ya maziwa. Watafiti waliikuta hata siku sita baada ya mama kuvuta. Kukamua na kumwaga chakula kimoja hakusaidii basi. Ila usimwachishe mtoto ziwa kwa hofu kabla hujazungumza nasi. Kinachoachwa ni bangi. CBD nayo haijathibitishwa kuwa salama kwa mjamzito, kwa hiyo iache pia, hata ikiandikwa "asilia". Mnyaa pia ni wa asili.

Sasa kijana wako. Utafiti wa NACADA wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Mkenya mmoja kati ya kila 53 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 alikuwa anatumia bangi. Miraa na muguka ni zaidi, mmoja kati ya 28. Sisi wa Embu na Meru muguka tunaujua, unatoka kwa jirani zetu wa Mbeere na umesomesha watoto. Mama hunijia akisema "anatafuna na kuvuta, si ni yale yale?" Si yale yale. Muguka na miraa zina cathinone, inayoamsha mwili, inayofukuza usingizi na njaa na kupandisha presha. Hazina THC wala CBD hata chembe. Bangi inalegeza na kuvuruga kumbukumbu. Kijana anayetafuna usiku kucha kisha akavuta asubuhi ili apate kulala, anausukuma ubongo wake huku na huku kama mlango wa basi. Ubongo hukomaa mpaka miaka kama ishirini na mitano. Kwa wanaoanza kuvuta wakiwa wadogo, takriban mmoja kati ya sita hunaswa asiweze kuacha. Na kwa wengine wachache, hasa kama kuna ugonjwa wa akili katika ukoo, THC kali huamsha kusikia sauti na kushuku kila mtu. Ukiona hivyo usimfunge kamba wala usimpeleke kwanza kwa mwombaji. Mlete hospitali.

Kuna moja la mwisho ambalo kijana hawezi kulijua kwa macho: bangi bandia. Hii haitoki kwenye mmea kamwe. Ni kemikali za maabara zinazonyunyizwa juu ya majani makavu ya aina yoyote. Nilisema THC ni ufunguo wa kigeni. THC huzungusha kufuli nusu. Hizi huzungusha mpaka mwisho na kuvunja. Huleta degedege, figo kufeli, na vifo. Huko Sierra Leone dawa ya mitaani inayoitwa kush iliwasumbua hata rais akatangaza hali ya dharura Aprili 2024, na vipimo vimekuta ndani yake bangi bandia pamoja na dawa kali za jamii ya afyuni. Kijana akikuambia "mama, hii ni mimea tu", muulize amejuaje.

Ukitaka kuzungumza na mtu bila kujulikana jina, NACADA wana simu ya bure, namba 1192. Mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako pia anaweza kukuelekeza. Siku ya kliniki ukija na kijitabu cha mama na mtoto, beba na chupa, pakiti au karatasi yoyote usiyoielewa. Tutaisoma pamoja.

Cucu je? Tulipima presha yake, ikawa juu. Kwa magoti tulimpa mazoezi ya mguu na dawa ya kupaka. Mafuta ya CBD nilimweleza kwamba ushahidi wake kwa magoti ni mdogo, na kwamba yanaweza kugongana na vidonge vyake. Mjukuu tulipomchunguza, tukakuta masikio yote mawili yana usaha. Ndiyo maana hakulala. Alipata dawa ya siku saba. Peremende nilizihesabu mbele ya cucu: zilikuwa ishirini na tisa, na karatasi ilisema thelathini. Tulitazamana. Akasema, "Hiyo moja niliila mimi juzi. Nililala mpaka saa tano, kuku wakanichungulia mlangoni."